KUPIMA UTATA WA PROGRAMU ZA KOMPYUTA

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Watahiniwa wa kidato cha nne wa mwaka 2014 walipewa matokeo yao kwa utaratibu mgeni. Badala ya daraja la kwanza, la pili, la tatu na la nne, waliyoyazoea wazazi wetu, waliona maneno Distinction, Merit, Credit na Pass, nayo yalipatikana kwa wastani uitwao GPA. Tena katikati ya gredi A na gredi B palikuwa na gredi nyingine, B+. Utaratibu huo haukukaa. Watahiniwa wa mwaka 2015 walirudishiwa madaraja, na kwa madaraja hayo hayo ndivyo tutakavyopimwa sisi tutakaoingia katika chumba cha mtihani mwezi wa Novemba.

Kaka na dada zetu waliokuwa shuleni miaka ile husimulia habari ya GPA kwa upande wa mwanafunzi. Mimi nataka kuitazama kwa upande wa ile kompyuta iliyo mezani kwa mwalimu wa taaluma. Shule nyingi hutunza alama za wanafunzi katika majedwali ya Excel, na ndani ya majedwali hayo mna kanuni zinazogeuza alama kuwa gredi, na gredi kuwa daraja. Sheria ya gredi ikibadilika, mtu hana budi kuyafungua majedwali hayo na kuyatengeneza. Ikirudi ilivyokuwa, hana budi kuyafungua tena. Kazi hiyo katika shule moja yaweza kumalizika kabla ya chai ya saa nne, na katika shule nyingine ikachukua wiki nzima, hali sheria iliyobadilika ni ile ile moja. Na kama mwalimu aliyelitunga jedwali amekwisha hamishwa, huenda mrithi wake akaona ni afadhali aanze upya kwa kalamu na karatasi.

Kwa nini basi kazi moja iwe nyepesi hapa na nzito kule? Watu wa kompyuta husema kwamba programu zimetofautiana kwa utata, na kwa hiyo zimetofautiana pia kwa urahisi wa matengenezo. Tena wako waliojaribu kuupima utata huo kwa namba, kama tupimavyo ubao kwa rula. Nitaeleza jinsi wapimavyo, na jinsi vipimo vyao vinavyoweza kutudanganya. Somo la kompyuta tunalisoma kwa Kiingereza, kwa hiyo maneno mengine nimeyatafutia Kiswahili mwenyewe. Atakayeona neno bora kuliko langu na alitumie.

Tuanze na programu ndogo ambayo kila msomaji wa gazeti hili ataielewa, hata mzazi ambaye hajapata kugusa kompyuta. Katika mtihani wa kidato cha nne, alama 75 hadi 100 ni A, 65 hadi 74 ni B, 45 hadi 64 ni C, 30 hadi 44 ni D, na chini ya 30 ni F. Kompyuta huambiwa hivi:

kama alama >= 75
    gredi = A
la sivyo kama alama >= 65
    gredi = B
la sivyo kama alama >= 45
    gredi = C
la sivyo kama alama >= 30
    gredi = D
la sivyo
    gredi = F

Alama ile >= maana yake ni "sawa na, au zaidi ya". Programu yetu ina mistari kumi, na ndani yake mna maswali manne. Walimu wengi huandika jambo hili katika Excel kwa neno IF mara nne, mabano ndani ya mabano, lakini maana ni ile ile.

Mwaka 1976 Mmarekani aitwaye Thomas McCabe alitangaza kipimo cha utata kinachotumika mpaka leo. Hakuhesabu maneno wala mistari. Alihesabu njia. Mchukue mtu anayetoka soko la Kihesa kwenda Iringa mjini kwa miguu. Ikiwa hakuna njia panda yo yote, njia yake ni moja. Ikiwa iko njia panda moja, ambayo pande zake mbili zakutana tena mbele, anazo njia mbili. Njia panda ya pili ikiongezeka baada ya hapo, safari ziwezekanazo huwa nne, lakini McCabe hazihesabu safari zote. Huhesabu zile tu ambazo kila moja huleta kipande kipya cha barabara ambacho safari nyingine hazijakipita, nazo hapa ni tatu. Kwa hiyo kila njia panda ya pande mbili huongeza moja. Katika programu, njia panda ni kila swali la "kama". Hesabu maswali, ongeza moja, na hiyo ndiyo namba ya McCabe. Programu yetu ya gredi ina maswali manne, basi namba yake ni 5.

Asiyeniamini na achore. Chora nukta nne za maswali, nukta tano za majibu (A, B, C, D na F) na nukta moja ya mwisho ambapo njia zote hukutana. Jumla ni nukta 10. Kisha chora mishale. Kila swali hutoa mishale miwili, ndiyo na hapana, hiyo ni 8, na kila jibu hutoa mshale mmoja kwenda mwisho, hiyo ni 5. Jumla ni mishale 13. Kanuni ya McCabe ni mishale, toa nukta, ongeza mbili. Basi 13 toa 10 ni 3, ongeza 2, ni 5. Elimu hii ya nukta na mistari ni kongwe kuliko kompyuta, kwani huhesabiwa kuwa ilianzishwa na Leonhard Euler mwaka 1736, alipoonyesha kwamba haiwezekani kuyavuka madaraja saba ya mji wa Königsberg yote, kila moja mara moja tu. Mimi hupenda kukumbuka jambo hilo wakati wenzangu wanapouliza hesabu hizi zitatufaa nini.

McCabe alishauri kwamba fungu moja la programu lisipite namba 10. Likipita hapo, ligawanywe. Mwenyewe alikiri kwamba kumi si namba ya uchawi, ila ni mpaka wa busara.

Sasa tuone mtu aliyeandika vibaya. Mwanafunzi ana masomo saba. Mtunga programu wa kwanza ameiandika ile mistari kumi kwa somo la Hisabati, kisha akainakili yote kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, mpaka masomo saba yamekwisha. Programu yake ina mistari 70 na maswali 28, namba yake ni 29. Safari zote ziwezekanazo ndani yake ni tano zikizidishwa kwa tano mara saba, yaani 78,125. Hakuna mwalimu awezaye kuzijaribu zote. Mtunga programu wa pili ameiandika ile mistari kumi mara moja tu, akaipa jina, kisha akaiita kwa kila somo. Fungu lake la gredi lina namba 5, na fungu linalopita katika masomo lina namba 2, kwa sababu kurudia-rudia nako ni swali: je, masomo yamekwisha?

Leteni sasa ile B+ ya mwaka 2014. Mtu wa pili huongeza swali moja mahali pamoja, na namba yake yapanda kutoka 5 hadi 6. Mtu wa kwanza sharti aongeze swali mahali saba, na namba yake yapanda kutoka 29 hadi 36. Akisahau mahali pamoja tu, tuseme somo la Jiografia, programu haitakataa kufanya kazi. Itaendelea kutoa gredi kwa adabu zote, ila gredi za Jiografia zitakuwa za sheria iliyokwisha futwa. Mwaka unaofuata sheria ikirudi, atasafiri tena mahali pale pale saba.

Kipimo cha McCabe kimeuona ubaya huo vizuri. Lakini walitokea watu waliosema kwamba njia peke yake hazitoshi, kwani programu yaweza kuwa na njia chache na bado ikawa ndefu na yenye maneno mengi ya kukumbuka. Mwaka 1977 Maurice Halstead, profesa wa Chuo Kikuu cha Purdue huko Marekani, alitoa kitabu chenye kanuni za kupima "ujazo" wa programu. Yeye huhesabu vitendo na vitendewa. Katika programu yetu vitendo ni "kama", "la sivyo", >= na =, aina nne, na vimetokea mara 17. Vitendewa ni alama, gredi, namba nne na herufi tano, aina 11, na vimetokea mara 18. Jumla ya aina ni 15, na jumla ya matokeo ni 35. Ujazo ni 35 mara logarithimu ya 15 kwa msingi wa 2, nayo ni 3.907, basi ujazo ni 136.7 hivi. Nilipozihesabu zile nakala saba kwa njia hiyo nilipata aina 27 na matokeo 245, na ujazo wake ni 1,165.

Kisha mwaka 1992 Paul Oman na Jack Hagemeister wa Chuo Kikuu cha Idaho walianza kuviunganisha vipimo hivi viwe namba moja ya urahisi wa matengenezo. Namna yake iliyojulikana sana ni hii: chukua 171, toa 5.2 mara logarithimu asilia ya ujazo, toa 0.23 mara namba ya McCabe, toa 16.2 mara logarithimu asilia ya idadi ya mistari. Namba ikiwa kubwa, programu ni rahisi kutengeneza. (Kwa wenzangu wenye vitabu vya majedwali ya tarakimu nne: logarithimu asilia hupatikana kwa kuizidisha ile ya kawaida kwa 2.303.) Wahandisi wa kampuni ya Hewlett-Packard waliitumia kwa programu zao, na mwaka 1994 wakatangaza mipaka: 85 na zaidi ni rahisi, 65 hadi 85 ni wastani, chini ya 65 ni ngumu.

Nimefanya hesabu. Fungu moja la gredi lina ujazo 136.7, njia 5, mistari 10. Basi 171 toa 25.57, toa 1.15, toa 37.30, ni 107 hivi. Ni rahisi kabisa. Zile nakala saba zina ujazo 1,165, njia 29, mistari 70. Basi 171 toa 36.71, toa 6.67, toa 68.83, ni 59 hivi. Ni ngumu. Jibu limekubaliana na akili zetu, na mtu angeweza kuishia hapo akafurahi.

Lakini tazameni zile namba zilizotolewa. Kati ya 112 zilizopunguzwa katika programu mbaya, karibu 69 zimetokana na wingi wa mistari tu, na njia zote 29 zimepunguza 6.67 tu. Kanuni hii ndefu, pamoja na logarithimu zake zote, karibu inatuambia kwamba programu ndefu ni mbaya kuliko fupi. Hilo hata bibi yangu angelisema bila kikokotoo.

Kuna jambo jingine. Kampuni ya Microsoft imeiweka kanuni hii katika chombo chake cha kuandikia programu, Visual Studio, ila huigeuza iwe ya mia, kwa kuzidisha kwa 100 na kugawanya kwa 171. Humo, 20 na zaidi hupakwa rangi ya kijani, maana yake ni njema. Programu yetu nzuri inapata 63, na ile mbaya inapata 34. Zote mbili ni za kijani! Programu ile ile ni ngumu kwa mipaka ya Hewlett-Packard na ni salama kwa mipaka ya Microsoft. Wanafunzi hatuna haja ya kushangaa sana, kwani tunajua kwamba alama 60 ni C kwa utaratibu mmoja na yaweza kuwa gredi nyingine kwa utaratibu mwingine, hali mwanafunzi hakubadilika.

Udanganyifu ulio mkubwa zaidi ni huu. Tuseme yule mtunga programu wa kwanza ameambiwa kwamba namba 29 haikubaliki, sharti ashuke chini ya 10. Anaweza kuzikata nakala zake saba ziwe mafungu saba, kila moja na jina lake: gredi ya Hisabati, gredi ya Kiingereza, na kadhalika. Sasa kila fungu lina namba 5. Kila fungu lina mistari 10. Na kwa kuwa kanuni ya Oman na Hagemeister huchukua wastani wa mafungu, programu nzima inapata 107, sawasawa na programu nzuri. Vipimo vyote vimeridhika. Lakini ikija B+, bado atasafiri mahali saba. Kazi ya matengenezo haikupungua hata kidogo. Kilichopungua ni namba tu. Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo kubwa la kufahamu katika somo hili. Tulichotaka kupima ni jasho la mtu atakayekuja kuibadilisha programu kesho, naye hakai ndani ya programu. Tunapima maandishi, kisha tunakisia jasho.

Yako mengine yasiyoonekana kwa vipimo hivi. Mtu akiandika x mahali pa "alama" na y mahali pa "gredi", namba zote hubaki zile zile, lakini mgeni hataelewa kitu. Vile vile McCabe hatofautishi maswali yanayofuatana na maswali yaliyomo ndani ya maswali mengine, ingawa kila aliyewahi kutafuta bano lililopotea katika IF ya nne ndani ya IF ya tatu anajua tofauti yake. Kwa ajili hiyo, katika miaka ya 2010, kampuni ya SonarSource ilitunga kipimo kingine kinachotoza zaidi swali lililo ndani ya swali.

Namba ya McCabe ina faida nyingine ambayo nadhani ni kubwa kuliko ile ya kulaumu programu za watu. Hutuambia majaribio ya uchache. Njia 5 zataka majaribio 5, na asiyejaribu mara tano ameacha njia ambayo hajui inaelekea wapi. Hata hivyo ni uchache tu, nami nitaonyesha kwa jambo linalotugusa. Daraja hupatikana kwa pointi za masomo saba bora, A ikiwa 1, B 2, C 3, D 4 na F 5. Pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne, na 34 au 35 ni sifuri. Tuseme mtunga programu ameandika "kama pointi ni chini ya 17" badala ya "17 au chini yake". Ameijaribu kwa pointi 10, 20, 24, 30 na 35, akapata daraja la kwanza, la pili, la tatu, la nne na sifuri. Majaribio matano, njia tano, yote sahihi. Kisha anatokea msichana mwenye pointi 17 kamili, naye anaandikiwa daraja la pili katika karatasi inayopelekwa kwa mzazi wake. Namba ya McCabe ya programu yenye kosa ni 5, na ya programu iliyo sahihi ni 5.

Dawa yake ni kujaribu pande mbili za kila mpaka. Kwa gredi, mipaka ni minne, basi majaribio ni manane: 75 na 74, 65 na 64, 45 na 44, 30 na 29. Mzazi au mwalimu ye yote anaweza kuyafanya kwa dakika tano, bila kujua lo lote la kutunga programu. Aziandike alama hizo katika jedwali, atazame gredi zitokazo. Ningeshauri yafanywe kila sheria inapobadilika, na kila jedwali linapohamia kompyuta nyingine.

Mtu asidhani kwamba mambo haya ni ya majedwali ya shule tu. Jirani zetu wa Kenya waliyaona katika kazi ya kuokoa maisha ya watu. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kutunza kumbukumbu za wagonjwa kwa programu iliyojengwa juu ya Microsoft Access, kazi ya watu wa Chuo Kikuu cha Moi na wa Chuo Kikuu cha Indiana. Ilikuwa programu ya kituo kimoja, na kwa kituo kimoja ilifaa. Lakini ulipokua mpango wa AMPATH wa kuwatibu wenye virusi vya UKIMWI, wagonjwa waliongezeka, kliniki ziliongezeka, na madaktari walitaka kuandika mambo mapya ambayo mtunga programu wa kwanza hakuyawazia. Mwaka 2004 walifika Eldoret madaktari wawili wanaojua kutunga programu, Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief. Walipoitazama hali hiyo waliona kwamba kuendelea kukiraka kilichokuwapo hakufai, wakaanza programu mpya iitwayo OpenMRS, ambayo ilianza kazi Eldoret mwaka 2006 na baadaye ikaenea katika nchi nyingi, Rwanda ikiwa miongoni mwa za kwanza.

Jambo la kujifunza katika OpenMRS ni mahali walipoyaweka mambo yanayobadilika. Wana kitu kinachoitwa kamusi ya dhana. Kila jambo linaloulizwa kwa mgonjwa, kama vile uzito, joto la mwili au dawa anayotumia, ni neno katika kamusi hiyo. Daktari akitaka swali jipya, neno jipya linaongezwa katika kamusi, na programu haiguswi. Waliolipia faida hiyo ni watu wa takwimu, kwani kumbukumbu zilizopangwa hivyo ni ngumu zaidi kuzisoma kwa pamoja. Utata haukufa, ulihamishwa kutoka mahali unapobadilika kila mwezi ukawekwa mahali pengine.

Nasi twaweza kufanya hivyo hivyo kwa gredi zetu. Badala ya kuandika 75, 65, 45 na 30 ndani ya programu, tuziweke katika jedwali dogo la safu mbili, kikomo na gredi. Programu yenyewe inakuwa mistari mitatu:

kwa kila mstari wa jedwali
    kama alama >= kikomo cha mstari huo
        toa gredi ya mstari huo, kisha acha

Namba yake ya McCabe ni 3. Ikija B+ tunaongeza mstari katika jedwali, na namba inabaki 3. Gredi zikiwa kumi na mbili, inabaki 3. Mwalimu ambaye hajui kutunga programu anaweza kuitengeneza mwenyewe, na akihamishwa, anayekuja anaweza kuisoma sheria nzima kwa kulitazama jedwali. Katika Excel kazi hiyo hufanywa kwa VLOOKUP, na mahali pa kurekebisha huwa pamoja kwa shule nzima.

Hapa pia pana mtego, nao hauonekani kwa kipimo cho chote nilichokitaja. VLOOKUP ya namna hii hutaka jedwali lipangwe kutoka kikomo kidogo kwenda kikubwa, 0 kwanza na 75 mwisho. Ile mistari mitatu yangu hutaka kinyume chake, 75 kwanza na 0 mwisho. Mtu akilichukua jedwali la Excel jinsi lilivyo na kulitia katika programu yangu, kila alama itakutana kwanza na 0, na kwa kuwa kila alama ni sawa na 0 au zaidi, shule nzima itaandikiwa F, hata aliyepata 98. Kwa hiyo juu ya jedwali langu nimeandika mstari mmoja wa maelezo: "Anza na kikomo kikubwa, maliza na 0." McCabe hauhesabu mstari huo.